Radikali Huru, Wala Si za Bure

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa biokemia. Naandika tasnifu kuhusu radikali za seleni, ile elementi ya jamii ya salfa, zinavyochunguzwa kwa spektroskopia. Kwa "free radicals" za Kiingereza, mitandaoni nimekuta "radikali huru", "radikali bure" na hata "itikadi kali za bure". Nifuate ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, fuata ya kwanza. Hizo mbili niachie mimi, nina ugomvi nazo wa siku nyingi.

"Itikadi kali" waachie wanasiasa. Elektroni haina chama. Hilo ni kosa la mashine ya kutafsiri, nalo nalisamehe. "Bure" ndilo linalonipandisha mori, maana linaandikwa na watu wazima, tena wauza vidonge: "Huondoa radikali bure mwilini." Vidonge vyenyewe ulizia bei. Mswahili akisema bure, ama hakulipa, ama hakuambulia kitu. Lijaribu kwenye uchaguzi. Uchaguzi huru ni ule ambao mpigakura hakushikwa mkono. Uchaguzi bure? Ama haukugharimu hata senti, na huo bado sijauona, ama watu wamepanga foleni tangu alfajiri wakarudi mikono mitupu, na huo tusiuzungumze hapa. Hakuna tume ya uchaguzi iliyowahi kuyachanganya maneno hayo. Muuza vidonge ana kiburi gani?

Na huru hiyo ina sababu. Radikali, kutoka neno la Kilatini la mzizi, wakemia wa zamani waliita kundi la atomu linalohama pamoja kutoka kampaundi moja hadi nyingine. Mwaka 1900 Moses Gomberg, wa Chuo Kikuu cha Michigan, akaonyesha kwamba kundi la namna hiyo laweza kukaa peke yake, halijafungamana na chochote. Elektroni yake moja haina mwenzake, nayo ndiyo unayoiwinda kwa spektroskopia yako: sampuli ikigandishwa (radikali hizi hazikawii kupotea), ikawekwa kwenye uga wa sumaku na kupigwa maikrowevu, elektroni hiyo hufyonza nishati na kujifichua. Kiini cha seleni-77, aina moja ya atomu za seleni, huipasua alama yake vipande viwili, ukajua umekamata seleni, si salfa.

"Seleni" ni jina alilolitoa mkemia wa Sweden, Berzelius, 1817, kutoka neno la Kigiriki la mwezi. "Seleniamu" nayo haina ubaya, ila usizichanganye kwenye ukurasa mmoja.

Andika basi: "Uchunguzi wa Radikali Huru za Seleni kwa Spektroskopia". Msimamizi wako akirudisha "bure", mwambie anitafute.