Analia hadi anakata pumzi: ni degedege?

Dada, mtoto wa mwaka na nusu anayenyang'anywa kitu, akalia, akakata pumzi, midomo ikawa bluu kisha akalegea, mara nyingi hiyo si degedege, bali ni tukio la kukata pumzi kwa kilio. Angalia mpangilio: kilio kinatangulia, rangi inabadilika, ndipo anapoteza fahamu. Hata akikakamaa au kutetemeka kidogo, kwa kawaida hupumua mwenyewe ndani ya dakika moja na kukutambua upesi. Degedege ya kifafa huweza kumkuta hata usingizini, bila kilio, na baadaye hubaki mzito na kuchanganyikiwa.

Kama anapauka ghafla baada ya kugonga kichwa au kushtuka, mapigo ya moyo ndiyo yanayopungua kwa muda. Huyo omba apimwe moyo kwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.

Likitokea, mlaze ubavu sakafuni na tazama saa. Tafadhali usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimtikise. Mtu mwingine arekodi video. Daktari ataielewa kuliko maelezo.

Omba pia kipimo cha damu na akiba ya madini ya chuma. Upungufu wake huzidisha matukio haya, na wengi hupungukiwa kwa kushiba maziwa ya ng'ombe na chai. Dozi ya dawa ya chuma huhesabiwa kwa kilo zake, usikisie.

Nenda hospitali mara moja ikiwa yuko chini ya miezi 6, ana homa, hakuna kilichomliza wala kumshtua, au dakika imepita hajazinduka.