Injini Ikizimika Ghafla, Tazama Kwanza Inavyozimika

Gari linalozimika lenyewe barabarani humtia dereva hofu, na kwa hofu hiyo wengi hununua vipuri kwa kubahatisha: leo plagi, kesho koili, keshokutwa pampu. Ushauri wangu ni kwamba, kabla hujatoa fedha, uichunguze kwanza namna injini inavyozimika, kisha umweleze fundi hivyo hivyo ulivyoona.

Injini inayokosa mafuta kwa kawaida haikatiki mara moja. Hukwamakwama, hasa mlimani, ndipo izimike. Katika magari mengi ya petroli yenye pampu ya umeme, ukifungua swichi bila kuwasha injini utasikia pampu ikivuma ndani ya tangi kwa sekunde 2 hivi. Usipoisikia, anza na fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu), ambazo ni rahisi zaidi kuliko pampu yenyewe. Na tafadhali usizoee kutembea huku taa ya mafuta ikiwaka, maana pampu hiyo hupozwa na mafuta yale yale.

Gari langu halikukwamakwama. Katika barabara ya Morogoro, jua likiwa kali, lilikatika kama lililozimwa kwa ufunguo, na kila lilipoachwa lipoe liliwaka bila taabu. Kilichonisaidia ni mshale wa mizunguko ya injini, ambao ulianguka hadi sifuri papo hapo, ilhali gari lilikuwa bado kwenye gia na magurudumu yakiizungusha injini. Maana yake injini inazunguka lakini kompyuta haina habari. Mashine ya kupimia ilitoa kodi ya hitilafu P0335, inayohusu saketi ya sensa ya krenki, yaani kifaa kinachoiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka, na kwa kuwa kodi hutaja saketi nzima, fundi alikagua waya na soketi kwanza, akaviona vizima, ndipo akabadilisha sensa. Huyo ndiye fundi wa kumshika.

Likizimika kwenye foleni tu, ukiachia pedali ya mafuta, chunguza uchafu kwenye throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) na mabomba ya mpira ya hewa yaliyopasuka. Taa zote za dashibodi zikizimika pamoja na injini, kaza vichwa vya betri.

Likikuzimikia kwenye mwendo, washa taa za hatari na uende pembeni taratibu. Usukani utakuwa mzito, na breki itabakiwa na msaada wa mikanyago michache tu, kwa hiyo ikanyage mara moja kwa nguvu bila kuipampu, wala usichomoe ufunguo kabla gari halijasimama, kwani usukani unaweza kujifunga.