Mama mwenye biashara: kabla ya dawa ya msongo, lete daftari

Dada, naomba dawa ya stress. Nina duka na watoto watatu, kichwa kinauma kila siku.

Swali hili naletewa karibu kila wiki, na kila mara linakatika hapo hapo. Hujasema unalala saa ngapi, unadaiwa na nani, wala watoto wanabaki na nani ukiwa dukani. Nitakujibuje? Niandikie tena ukiwa na hayo matatu. Kwa sasa nakusihi usinunue vidonge vya usingizi kwa ushauri wa rafiki. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu mwili huzizoea ndani ya wiki chache, na kuziacha ghafla ni hatari. Kichwa kinachouma kila siku kakipime, kuanzia shinikizo la damu na macho. Na kama unameza dawa ya maumivu kila siku, mwambie daktari, maana dawa hizo zikizidi huleta maumivu ya kichwa zenyewe.

Nauza nguo. Mauzo si mabaya, lakini mwisho wa mwezi sioni kitu, na usiku nakesha nikiwaza. Matumizi ya nyumbani nachukua humo humo dukani. Kuna mazoezi gani ya kutuliza akili?

Mazoezi fanya, yanasaidia. Lakini ukirudi kitandani utalikuta swali lako linakusubiri: pesa imekwenda wapi? Unakesha kwa sababu kuna hesabu hujaifunga.

Nimeshalisema na nitalisema tena. Mama anayechota kwenye droo ya duka kila mtoto anapohitaji kitu hana akili dhaifu, na huenda hata biashara yake si mbovu. Ana mfuko mmoja unaolisha midomo miwili, nyumba na duka, na hajui upi umekula zaidi. Chukua daftari leo. Kwa siku 30 andika kila unachokitoa dukani kwa ajili ya nyumbani, hata kalamu ya mtoto, hata nauli. Mwezi huo usijizuie kuchota, wewe andika tu. Ukijumlisha, utapata mshahara uliokuwa unajilipa bila kujua. Kisha tafuta faida yenyewe: chukua mauzo, toa bei uliyonunulia mzigo uliouzwa, toa pango, usafiri na malipo ya msaidizi. Kama ulichochota kimeizidi faida, basi umekuwa ukila mtaji, na ndicho kinachokunyima usingizi.

Kuanzia hapo jipangie mshahara ulio chini ya faida, ujilipe siku moja ya wiki, na droo uifunge. Nyumba ikihitaji zaidi ya hapo, hilo ni jambo la familia nzima kulikalia kitako. Lisiwe siri kati yako na droo.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimepita humo. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minane. Usiku mmoja niliketi sakafuni nikihesabu magauni kwa mwanga wa simu ili asiamke. Rundo moja nililihesabu mara tatu nikapata majibu matatu, nikaamini nimeanza kuchanganyikiwa. Asubuhi nilikuta mfukoni risiti nne za dawa ya mtoto, zote nimelipa kwa pesa ya muuzaji wa jumla. Nilipoziandika kwenye daftari, mikono iliacha kutetemeka.

Nakuonya na hili ambalo hukuuliza: pengo hilo usilizibe kwa mkopo wa haraka wa kwenye simu. Mkopo wa wiki mbili hauwezi kulipwa na mzigo unaokaa dukani miezi miwili. Utakopa wa pili kulipa wa kwanza.

Nakunywa kahawa saa kumi na moja jioni ili niweze kufanya hesabu usiku. Kuna ubaya?

Ndiyo. Kafeini, kile kinachokukesha ndani ya kahawa, huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo saa nne usiku nusu yake bado unayo. Hesabu zako zihamishie asubuhi.

Nina mtoto wa miezi miwili. Nilirudi dukani akiwa na wiki tatu. Juzi nililia mbele ya mteja bila sababu, na siku nyingine namwangalia mtoto sihisi chochote. Wenzangu wananiambia ni uchovu, nijikaze.

Mdogo wangu, usijikaze. Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata akina mama wengi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Wewe uko mwezi wa pili. Kulia hivyo, na kumtazama mwanao bila kuhisi kitu, ni dalili za sonona baada ya kujifungua. Sonona ni huzuni nzito isiyoondoka yenyewe kirahisi, na ni ugonjwa unaotibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Huko peke yako, wala hukumkosea mwanao.

Nenda kliniki wiki hii, na useme kama ulivyoniandikia mimi, neno kwa neno. Kuna dodoso la maswali 10, lililotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, ambalo wahudumu hulitumia kupima hali hii. Linachukua dakika chache. Kama limekujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, hata mara moja, usisubiri wiki: nenda leo, na usiende peke yako.

Hao wanaokuambia ujikaze wanajua kwamba Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mwanamke aliyeajiriwa apate likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14? Mwili wa mwenye duka ni ule ule wa mwajiriwa. Nawaomba wajawazito wanaosoma hapa waanze kuweka akiba ya likizo tangu mimba ikiwa changa, na wamfundishe mtu kusimamia duka mapema, si siku ya uchungu.

Tangu nirudi kazini maziwa yamepungua. Mama mkwe anasema ni mawazo ya biashara. Kweli?

Kuna ukweli ndani yake, ila haujatimia. Msongo unaweza kuzuia homoni ya oksitosini, inayosukuma maziwa yatoke, hivyo siku ya kero yanachelewa kushuka. Lakini yanapopungua wiki hadi wiki, mara nyingi ni kwa sababu matiti hayatolewi maziwa mara ya kutosha ukiwa kazini. Kamua kila baada ya saa tatu hivi. Maziwa uliyoyakamua hukaa kwa muda usiozidi saa nne kwenye joto la kawaida la chumba, lisizidi nyuzi 25, na hadi siku nne kwenye jokofu.

Mawazo ya biashara yameniletea vidonda vya tumbo. Nitumie nini?

Umepimwa? Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua hivyo. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama diklofenaki. Msongo huongeza kiungulia na maumivu, ila usiusingizie kabla ya kipimo.

Mke wangu ana biashara na siku hizi ana hasira za karibu. Nimshauri aiache?

Kaka, kabla hujamshauri, nijibu haya bila kumuuliza yeye. Chanjo ijayo ya mtoto ni tarehe ngapi? Viatu vya shule vinavyombana ni vya nani? Sabuni imebaki kiasi gani? Kama hujui hata moja, basi mkeo ana ofisi mbili na ya pili haifungwi. Ukimwachisha biashara utakuwa umemnyima kipato chake, na ofisi ile nyingine utakuwa umemwachia yote.

Chukua kazi moja ya nyumbani iwe yako mwanzo hadi mwisho, pamoja na kuikumbuka. Ukisema "niambie nifanye nini", hapo hujamsaidia, umemwongezea mfanyakazi wa kumsimamia. Anza na asubuhi za watoto kwa mwezi mzima. Wakichelewa shule, aulizwe baba. Halafu ongea naye habari za biashara akiwa ameshalala vya kutosha.

Wateja wananitumia ujumbe hadi usiku wa manane. Nisipojibu si nitawapoteza?

Mmoja au wawili, pengine. Wengi wanaandika saa hiyo kwa sababu ndipo wamepata nafasi, hawakutegemei ujibu. Andika saa zako za kazi pale unapotangaza bidhaa, tenga namba ya biashara na namba ya familia, na ile ya biashara iizime watoto wanapolala. Ujumbe wa saa saba usiku ujibu saa mbili asubuhi, uanze na bei aliyouliza.