Kitenzi Kisubiri Mwisho

Mwaka wangu wa kwanza Rotterdam nilimpigia simu msimamizi wa kazi alfajiri, homa imenipanda, sentensi nimeikariri usiku kucha: "Ik kom niet, omdat ik ben ziek", yaani siji, kwa sababu naumwa. Akanijibu kwa Kiingereza. Waholanzi wengi ndivyo walivyo. Wakisikia unayumba wanahamia Kiingereza, nawe unabaki na Kiholanzi chako mdomoni.

Maneno yote yalikuwepo, ila moja lilikaa pasipo pake. Ilitakiwa "omdat ik ziek ben". Mimi nilikuwa napitia Kiingereza kichwani, na Kiingereza ukitanguliza "kwa sababu" hakisogezi chochote.

Kiholanzi kinasogeza. Kwenye kishazi huru kitenzi hushika nafasi ya pili, litangulie lolote: "Ik ga morgen naar de markt" (naenda sokoni kesho), au "Morgen ga ik naar de markt" (kesho naenda sokoni). Lakini ukishataja dat (kwamba), omdat (kwa sababu), als (kama), toen (wakati), terwijl (huku) au hoewel (ingawa), kishazi kinakuwa tegemezi na kitenzi kinapelekwa mwisho: "Ik denk dat hij morgen met de trein komt", nadhani kwamba kesho anakuja kwa treni; komt ndiyo "anakuja".

Kanuni hiyo niliijua mapema sana. Ulimi ndio ulikataa. Kwa muda nikajificha nyuma ya want, ambalo maana yake inakaribiana na omdat lakini halihamishi kitu: "want ik ben ziek". Mwalimu akanigundua, akanipiga marufuku kulitumia kwa wiki mbili. Ushauri wangu: kwa daktari na kwenye simu tumia want bila aibu, ila nyumbani jizoeze. Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu huku nikigeuza kwa sauti kila sentensi ya want iwe ya omdat. Majirani sijui walifikiri nini.

Wengi huteleza pale wanapodhani wameshavuka. Kishazi tegemezi kikitangulia, kishazi huru nacho kinaanza na kitenzi: "Als het regent, neem ik de tram", mvua ikinyesha napanda tramu. Anayefikiri kwa Kiingereza atasema "ik neem". Wageni huwa nawaambia wasikilize penye mkato: regent, neem, vitenzi vinapeana mikono.

Vitenzi vinavyogawanyika, kama opbellen (kupiga simu), kwenye kishazi tegemezi vinakuwa rahisi zaidi. "Ik bel je morgen op" (nitakupigia kesho) imekatwa vipande viwili, lakini "dat ik je morgen opbel" imeungana tena. Na mwishoni mwa kishazi tegemezi, kati ya "gewerkt heb" na "heb gewerkt" (nimefanya kazi) usikose usingizi, zote zinakubalika.

Kilichonifungua hasa ni Kiswahili. Tunasema "mama alinunua kitabu", lakini "kitabu alichonunua mama". Mama amehamia nyuma ya kitenzi, na hatukuwahi kufundishwa. Nilipoliona hilo nikaacha kupitia Kiingereza.

Masikio nayo yana zamu yao. Jirani mmoja aligonga mlango akaanza: "Ik kom even langs, omdat we zaterdag de keuken..." Nikasikia Jumamosi, nikasikia jiko, nikaona sahani ya chakula. Nikamkatiza: "Gezellig!", yaani itapendeza! Akanitazama, kisha akamalizia: "...verbouwen", yaani wanakarabati jiko. Jumamosi saa mbili asubuhi drili ilianza kutoboa ukuta.