Diploma sina, brashi ninazo

Wiki hii mmeuliza kama ni lazima mtu apite shule ya sanaa ndipo awe msanii wa kuishi kwa kazi yake. Mimi naandika vibao vya maduka na kuchora picha huku Katuba, Lubumbashi, mwaka wa 26 sasa, na darasa la sanaa sijawahi kulikalia. Jibu langu ni hapana. Lakini msinipigie makofi bado.

Sipendi kuambiwa sikusoma. Nilisoma kwa mzee mmoja ambaye miezi mitatu ya kwanza hakuniachia rangi. Niliosha brashi kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikakauka kama ngozi ya mjusi. Ndipo akanipa kamba iliyopakwa chaki: huyu anashika mwanzo wa kibao, yule mwisho, unaivuta katikati, unaiachia, pa! Mstari umenyooka. Herufi S alinifundisha kuianzia tumboni, kwa sababu ukianzia kichwani tumbo litakosa nafasi. Ada nililipa kwa kumchotea maji.

Na mji wetu unalijua jambo hili zamani. Mwaka 1946, ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyojulikana kama Hangar. Aliwakataza vijana wake kuiga picha za Ulaya. Kila mmoja atafute mkono wake. Bela akapaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupi mifupi, Pilipili Mulongoy akachora ndege, samaki na nyoka. Mfaransa alipofariki mwaka 1954, Pilipili na Mwenze walikwenda kufundisha katika akademia ya sanaa ambayo Laurent Moonens aliianzisha hapahapa mwaka 1951. Wasio na diploma wakawa walimu wa wanaoitafuta! Ila tusisahau, Hangar ilikuwa na bwana wa kutoa rangi na kupeleka picha kwenye maonyesho. Kijana wa leo kopo la rangi ananunua mwenyewe.

Kwa kukosa shule, kilichonipiga mimi ni vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi. Ofisi moja ilitaka mchoraji wa ukuta wake. Nikapeleka picha zangu, wakaniomba dosie, yaani faili la karatasi za kuombea kazi, na ndani yake ukurasa mmoja wa Kifaransa wa kueleza kazi yangu ina maana gani. Nilikaa na kalamu usiku kucha, nikaandika jina langu tu. Kazi akapewa mwingine. Safari iliyofuata aliniandikia binti wa kaka yangu, aliyesoma chuo. Akanisomea, kisha akacheka: "Baba mdogo, ni yaleyale unayotuambia kila siku, nimeyavalisha koti tu."

Cha pili kinaniuma zaidi. Kwa miaka mingi nilichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, nikikipaka kwanza rangi ya ukuta, tabaka nene, ili kiwe cheupe. Mteja akanirudishia picha aliyokuwa ameikunja kwa safari: imepasuka kama udongo wa kiangazi, uso wa mama yake umegawanyika mara tatu. Nikamrudishia pesa. Mwanafunzi mmoja wa akademia, kijana wa kumzaa, alikwaruza kwa ukucha akasema tabaka la chini ni gumu na nene mno, kitambaa kinapinda lenyewe linakataa. Paka jembamba, mara mbili, kisha usikunje, viringisha rangi ikiwa nje. Dakika tano! Wao walifundishwa mwaka wa kwanza. Mzee wangu hakunifundisha kwa kuwa vibao vya mbao na bati havikunjwi.

Sasa mwanangu wa pili anataka kuchora, na mama yake ameshaanza kuuliza habari za ada. Nimemwambia kijana aanze na brashi zile pale kwenye mkebe, zina rangi kavu ya tangu juzi. Ada tutaizungumza mwezi wa tisa.