Namba za seli za chaza zinanirukaruka, nakosea wapi?

Swali: Nahesabu seli za damu ya chaza. Natoa kwa sirinji, nachanganya nusu kwa nusu na maji ya dripu ya 0.9%, naweka kwenye kioo cha Neubauer (kile chenye miraba ya kuhesabia seli kwenye darubini). Leo laki tatu kwa mililita, kesho milioni moja, chaza ni yule yule. Tatizo kioo?

Jibu: Kioo hakina shida mkuu, shida ni hayo maji ya dripu. Yale yametengenezwa kwa damu ya binadamu, na damu ya chaza wa baharini ina chumvi karibu sawa na maji ya bahari yenyewe, yaani zaidi ya mara tatu ya hiyo dripu, kwa hiyo ukizichanganya seli zinanyonya maji zinavimba zingine zinapasuka kabisa, afu wewe unahesabu zilizobaki.

La pili ni kushikana. Seli za chaza zikishatoka tu mwilini zinaanza kugandamana, ukichungulia kwenye darubini unaona mabonge kama mafungu ya zabibu na huwezi kujua fungu moja lina seli kumi au thelathini. Ukiona hivyo usikisie, mwaga uanze upya. Dawa yake ni Alsever (maji ya sukari, chumvi na sitreti yanayozuia seli zisishikane), ila ile ya damu ya binadamu lazima uiongezee chumvi ifike ya bahari. Ipoze kwenye barafu, ivute kwenye sirinji kwanza halafu ndo uchome pale kwenye msuli wa kufungia gamba, uvute damu kiasi kile kile. Huna Alsever? Formalini iliyochanganywa na maji ya bahari yaliyochujwa inafaa, ila hapo seli zinakufa, ni za kuhesabu tu.

(Ukihamia kwa kaa ni balaa lingine, kule hata majimaji yenyewe yanaganda, inabidi uweke EDTA au sitreti ya kukamata kalsiamu ili yasigande.)

Hesabu yenyewe: tuseme miraba minne mikubwa ya pembeni imetoa seli 212, wastani 53, mara 2 ya kuchanganya, mara 10,000 (kwa sababu kila mraba mkubwa unabeba sehemu moja ya 10,000 ya mililita), unapata 1,060,000 kwa mililita.

Na huyo chaza usimchome leo na kesho tena. Kidonda chenyewe na kukaa nje ya maji vinabadilisha idadi, kwa hiyo hata ukifanya kila kitu sawa namba hazitafanana. Chukua chaza wengine wa kundi lile lile.