Dalili au kiashiria?

Swali: Shikamoo mwalimu. Hapa Ngamiani, Tanga, tunatayarisha andiko la kuombea fedha za utafiti wa ugonjwa wa Parkinson: vipimo vya kuugundua mapema, na dawa. Mwenzangu kaandika "kutafuta dalili za ugonjwa katika damu". Mimi nikafuta, nikaweka "viashiria". Kaninunia. Nani kapatia? Na mtoa fedha tumwite mfadhili au mdhamini?

Jibu: Marahaba. Mwenzako usimcheke, methali iko upande wake: dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu huitangulia mvua, nanyi mnatafuta kinachoutangulia ugonjwa. Kwa Kiswahili cha barazani hajakosea hata chembe.

Ila neno hilo madaktari wamekwisha kulichukua. Ukiulizwa dalili pale hospitali ya Bombo, unaulizwa unachohisi au kinachoonekana: mkono unatetemeka, viungo vimekakamaa, miguu inaburuzika, pua haisikii harufu. Kwa Parkinson hapo mambo yamekwenda mbali, maana mkono ukianza kutetemeka, seli nyingi za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zimekwisha kufa. Watafiti wanasaka kitu cha kupimika maabara, ikiwezekana kabla ya hayo yote. Mradi mmoja ulioanza 2010 kwa fedha za taasisi ya Michael J. Fox, mwigizaji wa filamu mwenye ugonjwa huo, ulionyesha mwaka 2023 kwamba maji ya uti wa mgongo yakipimwa, protini ya alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya hubainika, hata kwa baadhi ya watu ambao hawajaanza kutetemeka. Ukiiita hiyo dalili, daktari atakuuliza: dalili gani, na mtu anatembea vizuri? Kwa hiyo umepatia wewe. (Na angalieni hiyo "damu". Hapo yalipimwa maji ya uti wa mgongo. Andikeni damu ikiwa kweli ndiyo mtakayopima.)

Nawe pia nikuvute sikio kidogo. Nomino ya ki- itokanayo na kitenzi huishia -a ikifuatwa na kitendwa chake: kipima joto, kinasa sauti, kifungua kinywa. Ikisimama peke yake, mara nyingi huishia -o: kipimo, kifuniko, kizibo. Kwa mwendo huo ni "kiashirio cha ugonjwa", au "kiashiria ugonjwa" bila "cha". "Kiashiria cha" limekwisha kuenea magazetini, na mimi sishindani na mawimbi ya Raskazone. Chagueni moja tu, mwende nalo hadi ukurasa wa mwisho.

Sasa fedha. Mfadhili anatenda fadhila: anatoa. Mdhamini anaweka dhamana: anawajibika. Ndugu yako akishikiliwa polisi Chumbageni, anayekwenda kumtoa ni mdhamini, hata kama hakutoa shilingi. Mpira umetuchanganya, kwa kuwa aliyelipia nembo yake ikae kwenye jezi tunamwita mdhamini, na pale uwanja wa Mkwakwani sina ugomvi naye. Kwenye majaribio ya dawa tofauti hii ina uzito. Anayebeba jukumu la jaribio lote, usalama wa washiriki ukiwemo, ndiye mdhamini, ingawa fedha zaweza kutoka mfuko mwingine kabisa. Ninyi mnaomba fedha tu, andikeni mfadhili. Lakini barua msiianze na "mfadhili wetu mpendwa" kabla hajatoa hata senti.